Dubu, Sungura na Bustani ya Elisi

Mtu akiulizwa habari za vitabu alivyovisoma karibuni, aghalabu hutaja jina la kitabu, jina la mwandishi, na kama amependezwa au hakupendezwa. Ni nadra kumsikia akieleza alichokiona alipokuwa akisoma. Hali kila asomaye hadithi huona: huona nyumba, njia, sura za watu, rangi za mavazi, na vitu hivyo mwandishi hakuvieleza vyote, wala hangeweza. Sehemu kubwa msomaji huitoa kwake mwenyewe. Makala haya yanahusu ghala ambamo vitu hivyo hutolewa, na namna ghala langu lilivyojazwa.

Tangu nilipostaafu ualimu nimepata nafasi ya kusoma usiku bila ya rundo la madaftari kuningojea mezani. Kitabu kilichonishika kuliko vyote karibuni ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya hiyo ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilichapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Inasimulia habari za Yusuf, mtoto wa miaka 12, anayechukuliwa na tajiri Aziz kwa ajili ya deni la baba yake, asijue kwamba yeye ndiye rehani. Ni zama za Wajerumani. Mapema kabisa katika kitabu tunaelezwa habari za bendera ya manjano yenye ndege mweusi mwenye hasira, ambayo mtoto huyo huiona kwenye stesheni ya reli. Hajui bado maana ya utawala, lakini picha ile anaisoma. Mwalimu atakayefundisha riwaya hii angefanya vema kuanzia hapo, kabla ya kuwauliza wanafunzi wake maswali ya dhamira na maudhui.

Karibu na duka anakotumikishwa Yusuf iko nyumba ya tajiri, nayo ina bustani iliyozungushiwa ukuta, yenye miti ya matunda, kivuli na maji. Mtoto huyo anatamani kuingia humo kuliko anavyotamani chakula. Nilipofika hapo nikaacha kusoma kwa muda, kwa sababu bustani ile nilikuwa naiona waziwazi, nayo haikuwa bustani ya tajiri wa pwani. Ilikuwa na njia nyembamba ya changarawe, mawaridi yaliyopandwa kwa safu, na mlango mdogo ambao mtu mzima hawezi kuupita. Mlango huo Gurnah hakuuandika. Nilijua ulikotoka.

Shangazi yangu alisomeshwa katika misheni ya Magila, wilayani Muheza, na wakati wa likizo sisi watoto wa ndugu zake tulipelekwa kukaa kwake. Alikuwa na kabati moja lenye kioo. Juu zilikaa sahani za wageni, chini vilikaa vitabu, na ufunguo wa kabati ulifungwa kwenye pindo la kanga yake. Kimojawapo cha vitabu hivyo kiliitwa Elisi Katika Nchi ya Ajabu. Ni hadithi ya Mwingereza Lewis Carroll, iliyotoka mwaka 1865. Tafsiri ya Kiswahili iliyokaa kabatini mwa shangazi ilifanywa na E. V. St Lo Conan-Davies, ikachapishwa London na Sheldon Press mwaka 1940. Wengi wenu mnakijua kisa chenyewe: mtoto anamfuata sungura shimoni, anakuta mlango mdogo, anachungulia, anaiona bustani nzuri kupita zote alizopata kuziona, na hawezi kuingia kwa kuwa mwili wake ni mkubwa mno. Shangazi alikuwa akisoma mahali hapo polepole sana. Nasi tulioketi mkekani tulimpa Elisi bustani tuliyoijua, yaani ile ya misheni, yenye changarawe na mawaridi, ambayo watoto hawakuruhusiwa kuikanyaga.

Jambo la pekee katika kitabu kile lilikuwa picha zake. Toleo la Kiingereza lilichorwa na John Tenniel, na katika michoro yake mtoto ni Mzungu mwenye nywele ndefu zilizonyooka. Katika toleo la Kiswahili la mwaka 1940 michoro hiyo ilichorwa upya, na Elisi akawa msichana wa Kiafrika. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha ualimu, nilifungua nakala ya Kiingereza katika maktaba nikamwona yule mtoto wa Tenniel. Sikumtambua. Kwangu mimi Elisi alikuwa mmoja wetu tangu zamani, na huyu wa Kiingereza ndiye aliyeonekana kuwa tafsiri.

Najua wapo watakaosema kwamba Elisi yule mweusi alikuwa hila ya wakati wa ukoloni: kumvika mtoto wa Oxford ngozi yetu ili tumpokee pamoja na chai yake, malkia wake na karata zake. Hoja hiyo ina uzito, na wakati wa ujana wangu niliisikia ikitolewa kwa ukali katika midahalo ya chuo. Lakini naona inasahau upande wa mtoto. Mtoto aliyeketi mkekani Muheza alipewa ruhusa ya kuwa yeye ndiye anayeanguka shimoni, yeye ndiye anayebishana na wanyama, yeye ndiye anayechungulia mlangoni. Vitabu vingapi vya enzi ile vilimpa ruhusa hiyo? Katika vingi, mtu wetu alipochorwa alikuwa amebeba mzigo wa mtu mwingine.

Yafaa nitaje hapa, kwa kuwa linanifurahisha, kwamba Ida Hadjivayanis aliyemleta Yusuf katika Kiswahili ndiye pia aliyeitafsiri upya hadithi ile ya Carroll, ikatoka mwaka 2015 kwa jina la Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Watoto wawili wanaoitamani bustani wasiyoweza kuingia wamepita katika kalamu moja. Sidhani kwamba ni mimi peke yangu niliyeziunganisha bustani hizo.

Vitabu vya picha vya namna ya pili viliingia nyumbani kwetu kutoka mbali zaidi. Katika miaka ya 1970 vitabu vya Kiswahili vilivyopigwa chapa Moscow na Peking viliuzwa nchini kwa bei ambayo hata karani wa shamba la mkonge, kama alivyokuwa baba yangu, aliimudu. Vya Moscow vilitolewa na shirika la Progress, na tangu mwaka 1982 vya watoto vikawa vinatolewa na Raduga. Vya Peking tuliletewa na mjomba, aliyekuwa kibarua katika ujenzi wa Reli ya Uhuru kati ya mwaka 1970 na 1975. Karatasi zake zilikuwa nzuri kuliko za kitabu chochote cha shule, na rangi zake hazikuchujuka hata kitabu kilipolowa. Maneno yalikuwa Kiswahili chetu, wakati mwingine Kiswahili kilichokaza shingo kidogo. Lakini picha zilikuwa za nchi nyingine kabisa. Palikuwa na theluji hadi magotini, nyumba za magogo, na jiko kubwa ambalo wazee walilala juu yake. Tena palikuwa na dubu.

Katika kijiji chetu hapakuwa na mtu aliyepata kumwona dubu. Neno lenyewe tulilijua kwa kuwa limeandikwa chini ya picha. Bibi yetu, ambaye wakati huo hakujua kusoma, alikichukua kitabu, akakisogeza kwenye mwanga wa kibatari, akamtazama mnyama yule kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Huyu ni fisi aliyekula vya watu mpaka akanenepa." Basi tangu usiku ule kitabu kikawa cha Bibi. Alikifungua ukurasa wa kwanza, akasema "Paukwa," nasi tukaitikia, na kila picha ikapata maneno mapya. Theluji ikawa unga uliomwagika kwa uchoyo wa fisi. Jiko likawa kaburi la jumbe. Ndugu yangu mkubwa, ambaye alikuwa darasa la tatu na mwenye kujivunia kusoma, alimkatiza siku moja: "Bibi, herufi hazisemi hivyo." Bibi akajibu, "Herufi zimesema zao, mjukuu wangu. Nami nasema zangu." Usiku uliofuata hadithi ilikuwa nyingine tena, kwa picha zile zile.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata madarasa yalienea nchini kote, chini ya miembe, katika maghala, na kwenye vyumba vya shule baada ya watoto kuondoka. Bibi aliandikishwa. Alikwenda kila alasiri na ubao wake mdogo, na alifaulu. Sitasahau siku aliyosoma jina lake kwenye daftari la ushirika wa pamba na kutia sahihi badala ya dole gumba. Karani wa mizani, aliyezoea kumpunjia, alinyamaza. Hakuna maneno yatakayonifanya nidharau jambo hilo. Lakini nitasema pia lililotokea nyumbani, kwa kuwa ni kweli. Bibi alipojua kusoma, alikichukua kitabu cha dubu akakisoma kama kilivyoandikwa, kwa sauti, silabi kwa silabi, akiwa na fahari. Dubu akawa dubu. Tangu hapo alikuwa na hadithi moja tu.

Nilipoingia ualimu katika miaka ya 1980, jambo hilo nililikumbuka mara nyingi, ingawa shida yetu wakati ule ilikuwa nyingine. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limewaleta watoto wote shuleni, nalo lilikuwa jambo la haki. Ila vitabu havikuongezeka kwa kasi ya watoto. Karatasi ilikuwa adimu. Kiwanda cha Mgololo kilianza kutoa karatasi mwaka 1985, na hata hapo madaftari yaliendelea kukatwa katikati ili yawatoshe wawili. Darasani kwangu kitabu kimoja kilisomwa na watoto watano au sita waliolizunguka dawati. Msichana mmoja alikaa siku zote upande wa mbele, akikitazama kitabu juu chini. Nilipompa kitabu mkononi mwake ili asome mbele ya wenzake, alikigeuza, akakishika kichwa chini miguu juu, akasoma bila kukosea hata neno moja. Wenzake walicheka. Nikawanyamazisha. Kisha nikamwuliza picha ile ilionyesha nini. Akasema ilionyesha sungura anayening'inia.

Picha zenyewe katika vitabu vya Tujifunze Lugha Yetu zilikuwa za wino mweusi mtupu kwenye karatasi iliyokaribia kuwa ya hudhurungi. Kwa ustadi wa uchapaji hazikufikia hata robo ya zile za Moscow. Hata hivyo wapateni watu waliosoma vitabu hivyo, popote walipo leo, muwatajie Kibanga aliyempiga mkoloni au Bulicheka na mkewe, mtaona nyuso zao zinavyokunjuka. Watu hawa wamesahau hesabu za riba. Kibanga hawajamsahau. Nami sioni ajabu, maana mtoto alimwona mtu aliyevaa kama babu yake akiwa katikati ya ukurasa, si pembeni.

Ningeongeza hapa neno dogo juu ya Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Hakuwa wa watoto, na baba hakupenda tumtazame. Tulimtazama kila gazeti lilipofika, kabla halijafungiwa sukari. Nadhani wengi wa rika langu walijifunza kwake kwamba mchoro unaweza kusema jambo ambalo maneno yaliyo chini yake yanalinyamazia.

Haya yote ni mali iliyo ghalani. Majuzi nilirudia kusoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Mnajua kwamba humo Adili, liwali wa Janibu, huwapiga mijeledi kila usiku manyani wawili, na manyani hao ni ndugu zake waliogeuzwa. Mwandishi hakutueleza sura zao kwa kirefu. Mimi niliwaona wakiwa wa wino mweusi, wenye mistari michache, katika karatasi ya hudhurungi. Na chumba walimofungwa kilikuwa na jiko kubwa la Kirusi. Mambo hayo hayapatani hata kidogo, lakini ndivyo nilivyoyaona, na machozi yalinilengalenga vilevile.

Ndiyo maana nasikitika ninaposikia walimu wenzangu wakisema kwamba kitabu cha picha ni anasa, kwamba mtoto apewe maneno kwanza na picha zitakuja uwezo ukipatikana. Mtoto asiyepewa picha hasomi maneno matupu. Atatia picha alizonazo, na kama ghala lake lina matangazo ya soda na sinema za kupigana tu, basi Yusuf ataingia katika bustani ya matangazo ya soda. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa nchini mwaka 1991 ulilielewa jambo hili: ulisaidia vitabu vya watoto vya Kiswahili, vyenye michoro ya wachoraji wetu, kuchapishwa na kufikishwa shuleni. Niliwaona watoto wa darasa la pili wakigombea vitabu hivyo kama wanavyogombea maembe. Walivisoma hadi majalada yakatoka.

Wala siwaungi mkono wale wanaotaka picha za ugenini ziondolewe. Dubu wa Moscow hakunidhuru; alinifundisha kwamba Kiswahili kinaweza kuizungumza theluji. Na safari ya picha si ya upande mmoja. Mwaka 1971 Wamarekani weusi wawili, Muriel Feelings, aliyepata kufundisha Uganda, na mchoraji Tom Feelings, walitoa kwao kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili, na moja yake ni mlima Kilimanjaro. Mwaka 1974 walitoa cha alfabeti, chenye herufi 24, kwa sababu Kiswahili hakina haja ya Q wala X. Vyote viwili vilitunukiwa Marekani heshima ya Caldecott, inayotolewa kwa vitabu vya picha. Watoto wa Chicago na Brooklyn walijazwa ghala zao kwa maneno yetu, wakati ambapo sisi tulikuwa tunasoma sita sita kwa kitabu kimoja.

Hata leo jambo kama hilo linaendelea. John Kilaka ni mchoraji wetu, anayefuata njia iliyofunguliwa na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Wanyama wake huvaa nguo za maua, hujitwika mizigo kichwani, hukutana sokoni wakateta. Kitabu chake cha kwanza cha picha kilitoka Uswisi kwa Kijerumani mwaka 2001. Nimeletewa na jamaa aliyekuwa masomoni huko kitabu chake kingine, chenye hadithi ya panya na tembo, na nakala iliyonifikia nayo ni ya Kijerumani. Mimi Kijerumani sikijui. Mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka 6, ndiyo kwanza anaunganisha silabi za Kiswahili.

Basi tunakaa barazani baada ya chakula cha jioni, kitabu kikiwa juu ya mapaja yangu, nasi tunasoma picha. Juzi tembo alikuwa mwenye duka aliyekataa kukopesha. Jana mjukuu aliamua kwamba tembo ni mgonjwa, na mlango ameufunga kwa sababu anaona haya kulia mbele ya panya. Nikamwuliza amejuaje. Akaniwekea kidole kwenye jicho la tembo, mahali ambapo rangi nyeupe imetoka nje kidogo ya mstari, akasema, "Tazama vizuri, Babu." Kisha akafungua ukurasa wa pili kabla sijamaliza kutazama.